Makoti Arobaini na Moja ya Fundi Waridi

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto chini ya sufuria na muwaite waliomo uani. Saa hii ya Ijumaa ni ya kuwakumbuka waliotutoka. Leo tunamkumbuka fundi wa nguo. Jina lake ni Waridi binti Abdu, wa Buyenzi, hapa Bujumbura. Narudia, Waridi binti Abdu, kwa sababu wengi walimjua kama Mama Saliha, na wengine walimwita Fundi tu na kuishia hapo. Alifariki siku kumi na mbili zilizopita, nyumbani kwake, akiwa na miaka sitini na miwili. Hakuwa mtu mkubwa, na hakuna barabara itakayopewa jina lake. Lakini aliacha kopo la biskuti, na yaliyomo ndani ya kopo hilo kuna watu hapa mjini hawapendi yazungumzwe. Leo nitayazungumza, polepole, mpaka mwisho.

Waridi alizaliwa Buyenzi, mtoto wa kwanza wa Abdu fundi magari. Baba alitaka binti akae nyumbani. Binti alitaka cherehani. Mzee Abdu alikuwa mkaidi, lakini alikuwa amezaa mkaidi zaidi yake, kwa hiyo cherehani ikanunuliwa. Akiwa na miaka ishirini, Waridi alikuwa na kibanda chake mtaa wa Nyakabiga, chumba kimoja chenye dirisha moja. Kilibaki kibanda hichohicho mpaka alipokufa.

Alikuwa na mdomo, Mungu amrehemu. Mimi mwenyewe alinishonea magauni matatu. Mara ya mwisho alinipima kiuno, akautazama utepe, akanitazama mimi, akasema, "Mwanangu, iyo redio inakulisha vizuri." Wateja wote wakacheka, na gauni likatoka zuri kuliko nilivyostahili.

Kazi ya kushona majina ya askari aliianza wakati wa vita vyetu wenyewe. Wenye umri wangu mnakumbuka. Miaka kumi na zaidi ya kuzikana, halafu wakaja askari wa nchi nyingine za Afrika kusimama katikati yetu. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyosema. Wengine walipona, wengine hawakupona. Lakini askari wale wageni walihitaji fundi wa kubana suruali na kushona vitambaa vya majina kifuani, na Waridi alikuwa na bei nzuri na mkono mwepesi. Majina yao yalikuwa marefu kuliko vifua vyao. Aliyashona yote, herufi kwa herufi, bila kujua kuyatamka.

Binti yake Saliha anakumbuka kumuuliza mama kwa nini anahangaika hivyo na majina ya watu asiowajua. Waridi akamjibu, "Askari bila jina, nani atamurudisha kwao?"

Lishikeni neno hilo, wasikilizaji wapendwa. Tutalihitaji mbele.

Waridi alizaa wawili. Saliha ndiye mkubwa, na ndiye aliyerithi kazi. Mdogo ni Khaled. Khaled alikuwa mrefu, mpole, hodari wa kula, na mama alimpenda kwa namna ambayo Saliha hakuificha nilipokwenda kuzungumza naye. "Mi nilikuwa mutoto," alisema. "Khaled alikuwa roho." Khaled aliingia jeshini akiwa na miaka ishirini na mmoja. Mama alilia siku mbili, siku ya tatu akamkunjia mikono ya koti vizuri, na mambo yakaendelea.

Sasa tunafika kwenye vita vya Kongo. Sina haja ya kuvieleza sana, mnaisikia mizinga wenyewe. Serikali yao na waasi wao, na nyuma ya kila upande majirani waliojisogeza na bunduki, kila mmoja akisema amekuja kuzima moto. Na askari wa kwetu walivuka mto Ruzizi wa mpakani, nao wakaingia humo. Wengine walivuka mbele ya watu. Wengine, kama alivyoeleza Waridi mpaka kufa kwake, walivuka kimya.

Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua za kwanza. Mwanamume mmoja alikuja kibandani Nyakabiga. Alivaa kiraia, viatu vyake havikuwa na tope. Hakusema ametumwa na nani, na mimi nimeuliza kila mahali bila kupata jibu, kwa hiyo simtaji mtu. Alishusha mafurushi mawili ya makoti ya jeshi. Alitaka vitambaa vya majina vifumuliwe vyote, siku hiyohiyo. Makoti yalikuwa arobaini.

"Juu ya nini munatoa majina?" Waridi aliuliza.

"Ni kazi ya muda mufupi, maman. Wakirudi, utarudisha."

Wakirudi, utarudisha. Waridi aliamini. Na kwa kuwa aliamini, alifanya kama fundi yeyote wa kwetu anavyofanya akipewa nguo nyingi zinazofanana. Aliweka alama. Kila koti alilolifumua jina alilitia mshono mdogo chini ya kola, wa nyuzi za rangi mbili. Nyekundu na njano. Kijani na bluu. Hakuna koti lililofanana na jingine. Kisha kitambaa cha jina kilichotoka kwenye koti hilo alikifunga kwa nyuzi zilezile mbili. Mwanamume yule alimwambia avichome vitambaa. Waridi akasema ndiyo, akavitia kwenye kopo lake la biskuti. Angevichomaje? Wenyewe wangerudi na kuviulizia.

Alasiri makoti arobaini yakachukuliwa. Zikabaki rangi mbili ambazo hakuwa amempa mtu, nyeusi na nyeupe. Alikuwa amekwisha kuzitunga kwenye sindano, na sindano ameichoma kwenye kimto chake kidogo cha kuchomekea sindano.

Hapo ndipo Khaled alipoingia. Lori lilikuwa barabarani na injini inanguruma. Alikuwa amelivaa koti lake, na jina lake liko kifuani, naye ameamriwa litolewe. Koti la arobaini na moja.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, kuna jambo lazima nilieleze kwa vijana. Mafundi wa Buyenzi wana mwiko. Nguo haishonwi mwilini mwa mtu. Hata kifungo. Unavua, kinashonwa, unavaa. Kumshonea mtu nguo aliyoivaa ni kumwita Izraili, kumwambia njoo, huyu yuko tayari. Waridi alimkatalia hata bibi harusi ambaye pindo lilifumuka mlangoni kwa bwana, na bibi harusi yule akalazimika kuvua upya mbele ya mashangazi.

Saliha alikuwepo, anapiga pasi. Yeye ndiye aliyenieleza.

"Vua koti, we mutoto," mama alisema.

"Mama, akuna wakati. Kamyo inapiga honi. Toa tu hivi hivi."

"Mi sigusi nguo iko mwilini."

"Basi nitaenda nayo ivi, na watanifunga."

Honi ikalia tena. Waridi akachukua wembe. Alijiambia kwamba kufumua si kushona. Akakata nyuzi moja moja juu ya kifua cha mwanawe, na Saliha anasema alikuwa akisoma aya chini kwa chini. Jina likatoka. Ilibaki alama. Alama inataka sindano. Sindano ilikuwa pale, imetungwa uzi mweusi na mweupe.

Waridi aliitazama, akaiacha. Alimpiga Khaled kofi dogo la shavuni, kama alivyozoea, akamwambia, "We nikuwekee alama ya nini? We nakujua."

Khaled akatoka mbio. Lori likaondoka.

Kwa miezi miwili Khaled alipiga simu. Alisema yuko sawa, kuna baridi, chakula ni kidogo. Mwezi wa tatu tangu aondoke, simu ikawa haipatikani. Waridi alikwenda kuuliza mahali pa kuulizia. Aliambiwa vijana wako mafunzoni. Alikwenda tena, wakamwambia mafunzo yameongezwa muda. Mara ya tatu aliambiwa asije tena. Wanaokaa juu Kiriri, penye nyumba za wakubwa na mabalozi, wanaiona milima ya ng'ambo vizuri, na moshi ukipanda wanauona. Sisi wa chini hatuoni kitu. Tunasikia mlio, tunasema labda ni radi.

Aliyeleta habari ni Dorothée. Huyu ni mama wa Uvira, upande wa Kongo, mfanyabiashara wa ndagala, amevuka mpaka wa Gatumba kwenda na kurudi kwa miaka mingi kuliko maofisa wanaomkagua. Vitenge vyake vyote vilishonwa na Waridi. Asubuhi moja alifika kibandani na gunia lake la samaki.

"Mama Saliha, funga mulango."

"Juu ya nini? Iko joto."

"Funga kwanza, dada yangu."

Dorothée alisimulia. Vita vilipita kwenye mashamba nje ya mji wao. Waliokufa walilala majanini siku nyingi, hakuna aliyewadai. Kaka yake, Cirimwami, alikwenda kuwazika pamoja na watu wa parokia. Askari wengine walikuwa na majina. Wengine hawakuwa nayo. Kifuani kwao palikuwa na kipande cha nguo chenye rangi iliyokoza, ambacho jua halikukipausha, pale jina lilipokuwa. Cirimwami alipowashika mabega kuwashusha kaburini aliona nyuzi chini ya kola. Akamwita dada yake aje aone.

"Ule uzi mi naujua," Dorothée alisema. "Uko mu nguo zangu zote. Nikamwambia kaka, kata. Kata kola zote za wenye hawana jina, iko mutu Bujumbura anaweza kuzisoma."

Akaingiza mkono ndani ya gunia, chini ya ndagala, akatoa mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na kola kumi na moja.

Waridi alizitandika juu ya meza ya kukatia. Alifungua kopo. Saliha anasema mama hakulia, alifanya kazi. Nyekundu na njano juu ya kola, nyekundu na njano juu ya kitambaa. Elysée. Kijani na bluu juu ya kola, kijani na bluu juu ya kitambaa. Akaendelea hivyo. Kola tisa zikapata majina. Vijana tisa.

Kola mbili hazikuwa na uzi wowote.

Hapo ndipo alipokaa chini. Kola zisizo na alama zinaweza kuwa za askari yeyote ambaye koti lake halikupita mikononi mwake. Walikuwa wengi vitani. Au moja inaweza kuwa ya koti la arobaini na moja. Wana wa wenzake alikuwa ameweza kuwasoma. Wa kwake hakuwa na cha kusoma. Mwiko alioushika ili amlinde ndio uliompoteza.

"Ningetia uzi," aliniambia mwaka jana, ameushika mkono wangu mpaka ukauma. "Mushono mumoja tu. Sasa ningejua."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. 

Siku iliyofuata, baada ya kuulizia jina kwa wateja wake wa jeshini, alifunga kibanda, akaenda Kamenge. Alikuwa amekibeba kitambaa cha Elysée na kola yake ndani ya bahasha. Mama wa Elysée anaitwa Orpha, anauza unga karibu na hospitali. Hawakuwa wamewahi kuonana. Orpha aliambiwa, kama wote, kwamba mwanawe yuko mafunzoni. Waridi alimweleza yote akiwa amesimama, maana hakukaribishwa kiti. Orpha alikishika kitambaa, akasoma jina.

"Nani alitoa iyi kwenye nguo yake?"

Waridi angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. "Ni mi, mama. Kwa mikono yangu."

Orpha alimtemea mate miguuni, akamfukuza mbele ya wateja. Waridi alirudi Buyenzi kwa miguu. Kesho yake akatoka tena, kwenda kwa mama wa pili. Nyumba tisa, wasikilizaji wapendwa. Zingine alipewa maji, zingine alifungiwa mlango. Kila nyumba alisema maneno yaleyale, kwamba ni yeye aliyelitoa jina na sasa amelirudisha.

Baada ya wiki tatu Orpha alikuja Nyakabiga. Aliketi kwenye benchi la wateja tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nilimuuliza Orpha juzi ni nini kilichomrudisha. Alinijibu, "Wenye kumutuma mwanangu, akuna hata mumoja alikuja kwangu. Ni fundi peke yake alikuja."

Wazee wa msikiti walimfuata Waridi zaidi ya mara moja. Walitaka Khaled aswaliwe swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo. Walisema miaka inapita, mama apate kupumzika. Waridi aliwawekea kola mbili mezani. Alikuwa amezifua na kuzipiga pasi. "Shehe, nionyeshe ni gani," alisema. "Siwezi kumuswalia mutu anaweza kuwa iko anakunywa chai mahali." Kitambaa cha jina la Khaled hakuwahi kukitia koponi na vile vingine. Alikifunga kwenye leso, na leso alitembea nayo kiunoni. Waliokuwa koponi, alisema, ni wale walioondoka na alama. Na ile sindano yenye uzi mweusi na mweupe ilibaki imechomwa kwenye kimto. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Mimi nina hasira, wasikilizaji wapendwa, na sitajifanya sina. Miaka yote hiyo Waridi aliamini kwamba yeye ndiye aliyemuua mwanawe. Kwa wembe, au kwa sindano aliyoiacha. Nilimwambia sivyo. Nilimwambia uzi hauui mtu. Vijana wale waliuawa na vita visivyo vyao, walikotumwa na watu waliojua kabisa wanachofanya, maana anayetuma kwa haki hafichi jina la anayemtuma. Wageni waliokuja kwetu walikuja na majina kifuani. Wa kwetu walikwenda bila. Na waliofikiria jambo hilo walilala usingizi wao vizuri. Aliyekosa usingizi ni fundi.

Alinisikiliza, akaninyooshea kola ya gauni, akasema nimekonda. Hakuniamini.

Mwaka huu kisukari kilimlaza. Siku moja asubuhi, jua limeingia chumbani, alimwita Saliha. Alimwambia alete kile kimto cha sindano. Akafungua leso, akatoa kitambaa cha jina, akakiweka juu ya gauni alilolivaa, upande wa moyo.

"Nishonee apa."

"Vua kwanza gauni, mama. Nikusaidie."

"Apana. Shona ivi ivi."

"Mama, we ndio ulinifundisha mwiko."

"Najua. Mi niliogopa sindano, nikasema isimwitie mauti. Mauti yalienda bila sindano yangu. Sasa nimechoka kuyaogopa. Shona, Saliha. Na uzi wake."

Saliha alishona. Anasema alijidunga mara mbili, na mama akamkemea kwa mishono mirefu. Uzi mweusi, uzi mweupe, pande zote nne. Alipomaliza, Waridi alikipapasa kitambaa kwa kidole, herufi kwa herufi, kama anayekagua kazi ya mwanafunzi. Kisha akasema neno alilolikataa miaka yote.

"Siku ya kuniswalia mi, mumuswalie na yeye. Nakubali."

Siku ya tatu alifariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Sanda haina jina wala mshono. Kwa hiyo kabla ya kumwosha, Saliha alichukua wembe wa mama yake, akakifumua kitambaa tena. Mchana msikitini Buyenzi watu walijaa mpaka barabarani. Ng'ambo ya ukuta walisimama wanawake Wakristo wa Kamenge, Orpha mbele yao. Shehe alitangaza kwamba swala ni ya watu wawili, mama aliye mbele yetu, na mwanawe ambaye Mungu peke yake ndiye ajuaye alipo.

Saliha, dada yetu, pole. Pole kwa mama na pole kwa mdogo wako. Pole kwa ukoo wote wa marehemu Abdu, kwa majirani wa Buyenzi, kwa wateja wa Nyakabiga walioukuta mlango umefungwa. Pole kwa Orpha, na kwa zile nyumba nane nyingine. Dorothée, na kaka yako Cirimwami, popote mlipo leo ng'ambo ya maji, Mungu awalipe.

Ninyi wengine mlionisikiliza, ketini kidogo na jambo hili kabla hamjainua sufuria. Kopo bado lipo. Majina tisa yalichukuliwa na mama zao. Yamebaki thelathini na moja, na wiki iliyopita Saliha aliongeza moja. Kama mwanao, au mumeo, au ndugu yako, aliondoka mwezi ule wa mvua na ukaambiwa yuko mafunzoni, nenda Nyakabiga, kibanda cha dirisha moja. Saliha hatakuambia yu hai au amekufa, maana hajui. Atafungua kopo, utatafuta mwenyewe.

Familia imeniomba nisiyasome hewani majina yaliyobaki koponi. Mwenyewe ndiye wa kulikuta lake. Imeniruhusu nisome moja tu, lile lenye uzi mweusi na mweupe.

Khaled. Narudia, wasikilizaji wapendwa. Khaled, mwana wa Waridi.